Mwalimu Breki kwenye Mbio za Jumatano

Gari la shule ya udereva lilikuwa na breki mbili, moja ya mwanafunzi na moja ya mwalimu, na mtu aliyekaa miaka mingi na mguu wake juu ya ile ya pili alikuwa mwoga kuliko wote niliowahi kuwajua. Simsemi vibaya. Hata yeye mwenyewe angekuambia hivyo hivyo. Aliamka na hofu, akanywa nayo chai, akaenda nayo kazini, na huko kazini kila siku alipatikana mtu wa kuiongeza: mama wa makamo aliyefumba macho kila akipishana na lori, kijana aliyeachia usukani ili apungie marafiki zake mkono.

Wanafunzi walimwita Mwalimu Breki, na walikuwa wakiambizana siri moja: msikilize sauti. Watu wengine wakiogopa hupiga kelele. Yeye kadiri alivyoogopa ndivyo sauti ilivyoshuka na adabu ilivyozidi. Akikuambia "kanyaga breki" kwa sauti ya kawaida, mambo shwari. Akisema "hebu punguza mwendo kidogo, mwanangu," jihadhari. Ukisikia "naomba tafadhali, kama hutajali, tusimame," basi ujue kifo kiko mbele ya bampa.

Nyumbani alikuwa na mke aliyefanya kazi kwa dobi wa mashine, mwanamke wa maneno machache yanayofika, na binti mmoja tu, waliyempata baada ya kungoja mpaka ndugu wakaacha kuuliza. Binti alikuwa fundi wa miwani. Alikata vioo na kukaza skrubu ndogo ambazo wengine hatuzioni, kwa mikono isiyotikisika hata kidogo. Baba yake alikuwa akiitazama ile mikono na kujiuliza ameitoa wapi.

Huyo binti ndiye aliyeanza mambo ya matanga.

Nje kidogo ya mji lipo bwawa la maji, pana, lenye ukuta wa zege upande mmoja na vilima vya nyasi pande nyingine. Ukingoni kuna banda la mabati, gati fupi la mbao, na mashua nne za tanga zinazofanana kama mapacha. Hiyo ndiyo klabu yetu. Hatuna sare wala vikombe vya kung'aa. Kila Jumatano watu wanatoka kazini, wanavua viatu, wanavaa majaketi ya kuokolea yasiyokauka vizuri toka wiki iliyopita, wanashindana mashua mbili mbili mpaka giza linapokaribia, kisha wanarudi makwao. Binti alialikwa na mteja aliyemtengenezea miwani. Alikuja mara moja tu, akanogewa.

Mwalimu Breki alikuja kumchukua na gari. Alisimama gatini akaona mashua mbili zikizungukana kama majogoo wanaotafuta pa kurukiana, zimelala upande hadi matumbo yao yanaonekana, na katika moja ya hizo alikuwemo mtoto wake wa pekee, amening'iniza mgongo juu ya maji huku akicheka. Alishika nguzo ya gati. Jumatano iliyofuata akaja tena, akaishika nguzo ile ile.

"Unakwenda kumlinda na nini?" mkewe alimuuliza. "Wewe uko gatini, yeye yuko katikati ya bwawa. Utamlinda kwa macho?"

"Angalau nitamwona."

"Ukimwona anazama, itakusaidia nini?"

Hilo swali lilimnyima usingizi wiki nzima.

Msimamizi wa mbio zetu ni mkunga mstaafu, mwanamke mnene mwenye sauti iliyozoea kuamrisha watu wasukume. Huwa anakaa kwenye boti ya injini iliyotiwa nanga, na honi yake na bendera zake, na mashua huanzia hapo. Ndiye aliyechoka kwanza.

"Wewe baba," alimwambia Mwalimu Breki jioni moja, "kila wiki unasimama hapo unakula kucha. Vidole vitaisha. Msusi hana mwenzake leo. Vaa jaketi."

"Siwezi, mama. Mimi naogopa maji."

"Na hapo gatini huogopi?"

Akatafakari. Ukweli ni kwamba gatini aliogopa zaidi. Akavaa jaketi.

Msusi alikuwa na saluni karibu na kituo cha mabasi. Alikuwa na vidole vya chuma na mdomo usiojua nukta. Alimkalisha mbele, akampa kamba ya tanga dogo, akasukuma mashua. Upepo ulipolijaza tanga, mashua ikalala ubavu na maji yakaanza kukimbia chini yao. Mwalimu Breki akanyoosha mguu wa kulia, akakandamiza sakafu kwa nguvu zake zote.

"Mwalimu, unakanyaga nini hapo?"

"Naomba tafadhali," alisema kwa sauti ndogo, "kama hutajali, tusimame."

"Hiki chombo hakina kusimama! Ukilegeza kamba kitapunguza mwendo, halafu kitasimama kikitaka chenyewe!"

Aliporudi nchi kavu alikaa chini palepale kwenye mbao. Sote tulijua hatutamwona tena. Jumatano iliyofuata alikuwa wa kwanza kufika. Bintiye alikuwa anashindana, na yeye alikuwa ameshagundua kwamba kwenye mashua mtu hana nafasi ya kufikiria mambo mawili kwa pamoja.

Halafu kulikuwa na kanuni, na kanuni alizipenda. Mkunga alimfundisha ndani ya banda, kwa ndala mbili juu ya benchi.

"Upepo unatoka hapa, kwenye tumbo langu," alisema. "Mashua inayopigwa na upepo mkono wa kulia ndiyo yenye njia. Inayopigwa mkono wa kushoto inapisha. Zikipigwa zote upande mmoja, iliyo juu, karibu na tumbo langu, inampisha wa chini. Ukimfuata mtu kwa nyuma, wewe ndiye wa kupisha. Umenielewa?"

"Kama kwenye mzunguko wa barabara."

"Kama unavyotaka wewe. Honi ya kwanza mnajiandaa. Honi ya pili mnaingia, mwenye bendera ya bluu anatokea kushoto, wa njano anatokea kulia, mnatafutana. Hapo una ruhusa ya kumbana mwenzako, kumfukuza, kumsukuma mpaka akosee, ili honi ya mwisho ikilia wewe uwe umeelekea mbele na yeye ameelekea kwao. Kisha mnakwenda kulizunguka boya la juu, mnarudi."

"Na akikosea mtu?"

"Anazungusha mashua yake duara moja zima, halafu anaendelea. Sisi hatuna mwamuzi wa kukukimbiza majini. Ukijijua umekosa, unazunguka. Mkibishana mnakuja kubishana hapa mbele yangu, mkiwa wakavu." Akaishika ndala moja. "Sasa nisikilize. Mwenye njia naye ana wajibu wake. Haruhusiwi kugeuka ghafla. Mwenzako anakukwepa kwa kutazama unakokwenda, na ukigeuka umemdanganya. Mwenye njia anaishika njia yake, basi."

Mwalimu Breki alizikariri zote, akawa anazihubiri mezani mpaka mkewe naye akazijua. Alimsahihisha Msusi usukani mara nyingi hata Msusi akaudondosha mkononi mwake: "Shika mwenyewe! Huwezi kuniendesha ukiwa umekaa siti ya abiria." Hivyo ndivyo alivyopata unahodha, bila kuuomba.

Ila ile kanuni ya mwisho ilimshinda. Aliijua kichwani, lakini mkono ulikuwa na akili zake. Kila mashua ilipomjia, hata akiwa na njia, hata Msusi akimpigia kelele "ni yetu, shika, shika!", mkono ulivuta usukani, naye akapisha. Habari zikaenea. Ukipangwa na Breki, watu walisema, mwendee tu, atapisha mwenyewe. Wakawa wanamwendea. Kushindwa hakukumuuma. Kilichomtisha ni zile sekunde za kabla, pale mbele ya mashua ya mtu inapokuwa kubwa, inazidi kuwa kubwa, na huoni tena aliyeishika.

Bintiye alimfuata jioni moja akiwa ameketi kwenye ngazi za nyuma ya nyumba.

"Baba, nina ombi. Siku tukipangwa pamoja, usinipishe."

"Nani kasema nitakupisha?"

"Baba."

Akainama kufunga kamba za kiatu.

"Mimi nikiwa wa kupisha," binti aliendelea, "nakuja kwa kasi, halafu napita nyuma yako, karibu. Natazama mashua yako inaelekea wapi, na hapo ndipo napimia. Ukibaki hapo hapo hatutagusana. Ukinihurumia ukageuka, nitakuwa sina pa kwenda."

"Karibu ni kiasi gani?"

"Usiniulize hivyo."

"Nakuuliza kama baba yako."

"Kiasi cha kuona kama umelala vizuri au hukulala."

Akamwahidi. Usiku huo hakulala vizuri.

Jumatano yenyewe upepo uliamka kabla ya watu. Mabati yalipigapiga mji mzima, na mkewe alipiga simu kutoka kwa dobi kusema shuka za watu zimeruka hadi barabarani. Mwalimu Breki alifundisha wanafunzi wake huku akitazama miti ikiinama nje ya kioo. Alikuwa na tumaini moja tu. Kanuni zetu zinasema povu jeupe likienea bwawa zima, msimamizi anapiga honi tatu na kila mtu anakwenda kwake.

Alipofika, povu lilikuwa kule mbali, karibu na ukuta wa zege. Akamfuata Mkunga.

"Mama, naona povu."

"Hata mimi naliona. Liko kule. Likifika hapa nitapiga honi."

"Likifika hapa si tutakuwa tumo ndani yake?"

"Ndiyo maana mmevaa majaketi, baba."

Mkunga akatikisa vizibo vya chupa vyenye majina yetu ndani ya kofia, akatoa viwili. Cha kwanza kilikuwa cha Msusi na Mwalimu Breki. Cha pili kilikuwa cha bintiye, pamoja na mwenzake, fundi bomba mmoja mwembamba, mpole, asiyeongea mpaka aulizwe. Watu tulishangilia gatini. Baba na mwana! Msusi akapiga makofi. Binti akamtazama baba yake.

"Umekumbuka?"

"Nimekumbuka," alisema, kwa sauti ndogo mno.

Honi ya pili ilipolia waliingia, yeye kutoka kulia, binti kutoka kushoto. Waliozoea walisema baadaye kwamba hawajapata kumwona binti akiendesha vizuri vile. Alimkaba baba yake kwa nyuma, akamzungusha, akamwachia, akamrudia tena. Tanga lilipiga mbinja. Maji yaliruka yakamwingia Mwalimu Breki machoni na mdomoni. Msusi alikuwa akipaza sauti: kushoto, kulia, legeza, kaza. Naye alifanya yote, na akashangaa kuona bado yuko mzima. Wakatoka kwenye ule mzunguko. Upepo ukawa unampiga mkono wa kulia. Njia ilikuwa yake.

Akageuza shingo, akaona mashua ya bintiye ikija.

Ilikuja kwa kasi, imelala ubavu, upepo mkono wa kushoto, imemlenga yeye katikati kabisa. "Ni yetu," Msusi alisema, safari hii kwa utulivu. "Shika tu, Mwalimu." Akashika. Mashua ile ikakua. Akaona maji yanavyopasuka mbele yake, akaona mkwaruzo kwenye rangi. Akashika. Nyuma ya tanga akauona uso wa bintiye, umekunja paji, macho hayamtazami yeye bali nyuma yake kidogo, pale alipokusudia kupita. Shika. Wakati huo huo upepo ukashuka kwa kishindo, mashua zote mbili zikarukia mbele, na yeye akaona kwa akili zake zote kwamba bintiye hatapita, hawezi kupita, na yeye anamuua.

Mkono ukavuta.

Aligeukia upande ule ule bintiye alioulenga ili apite. Mbele ya mashua yake ikamgonga binti ubavuni kwa nyuma, kwa sauti kama ya mlango mzito uliopigwa teke. Mti wa chini wa tanga la binti ukapaa kutoka upande hadi upande. Mashua ikainuka, ikasita, ikapinduka. Fundi bomba alirushwa mbali, kichwa chake kikaibuka. Tanga jeupe likalala juu ya maji kama shuka iliyotandikwa.

Binti hakuonekana.

"Yuko wapi?" Mwalimu Breki aliuliza. Hakupaza sauti. "Samahani, yuko wapi?"

"Chini ya tanga!" Msusi alipiga yowe. "Yuko chini ya tanga!"

Hapo ndipo tulipoelewa sote. Jaketi lile linalokuokoa ukiwa kwenye maji matupu, ukiwa chini ya tanga linakubana kwa juu: linakusukuma kwenye kitambaa kilicholowa, huwezi kupiga mbizi, huwezi kuvuta hewa. Mwalimu Breki alisimama ili aruke. Msusi alimshika kwa mkanda wa jaketi, akamkalisha kwa nguvu.

"Ukiruka mashua yetu itakwenda juu yao! Shika usukani! Isimamishe hapa hapa, Mwalimu, isimamishe!"

Akashika usukani. Alilegeza tanga lote likawa linapigapiga kama bendera, akaielekeza mashua kwenye upepo, akaituliza pale isiende mbele wala nyuma, huku macho yamemtoka na midomo inacheza. "Naomba," alikuwa akisema. "Naomba tafadhali. Naomba tafadhali." Hakuwa akimwambia Msusi.

Chini ya kile kitambaa cheupe kitu kiliinuka kama ngumi, kikashuka. Kikainuka tena mahali pengine, chini zaidi. Halafu hakikuinuka.

Mkunga alikuwa ameshakata nanga. Boti yake ilifika na injini ikazimwa mapema ili isimkate mtu, ikateleza yenyewe, na yule mama mnene akalala kifudifudi ukingoni na upondo wenye ndoano, akadaka pindo la tanga, akaliinua. "Ingia!" alimwambia fundi bomba. Fundi bomba akaingia chini ya tanga kwa mgongo, mkono mmoja juu akilisukuma ili pawe na hewa. Sisi wa gatini tulisikia maji yakipiga nguzo.

Akatoka naye. Alikuwa amemshika kwa kola. Nywele zilikuwa zimemfunika uso na mkono wa kushoto ulikuwa umening'inia vibaya. Binti akatapika maji, akavuta pumzi yenye sauti ya kutisha, akatapika tena. Mkunga alimkokota ndani ya boti kama alivyowahi kuwaleta wengi duniani, na neno alilosema lilikuwa lile lile la siku zote: "Lia, mwanangu. Lia tu."

Akalia.

Hospitali walisema ni mfupa wa bega umevunjika, wakamfunga, wakamlaza siku moja wamwangalie mapafu. Mwalimu Breki alikaa nje kwenye benchi na nguo zilizolowa. Mkewe alipofika alimtazama, akavua kanga yake ya mabegani, akamfunika.

Wiki iliyofuata Mkunga alituita bandani, kama kanuni inavyotaka kunapokuwa na kugongana. Watu walikuwa wameshakubaliana kumhifadhi. Upepo ndio uliokosa, walisema, upepo ulishuka ghafla. Hata fundi bomba alianza, "Upepo siku ile, Mzee..."

"Upepo ulishuka," Mwalimu Breki alisema. "Lakini njia ilikuwa yangu, naye alikuwa ameshanipisha. Mimi niligeuka. Kosa ni langu peke yangu."

Mkunga akaandika, akamshukuru, akasema kazi imekwisha. Hakukuwa na la kuongeza.

Bintiye hakumlaumu, na hilo lilimtesa. Alirudi kazini mfupa ulipoanza kushika. Akatangaza mezani, kwa sauti nyepesi, kwamba mambo ya bwawani ameyaacha, muda hana.

"Si ndicho ulichokuwa unakiomba?" mkewe alimuuliza chumbani.

Ndicho. Alikiomba kila Jumatano akiwa ameshika ile nguzo, na sasa amepewa. Angeweza kunyamaza, akaishi kwa amani yake. Lakini alianza kuona mambo. Binti alikuwa anavaa mashati ya vifungo tu, na mwanzoni walidhani ni kwa sababu ya bega. Bega likapona, daktari akasema limepona, naye akaendelea na vifungo. Nguo yoyote ya kupitisha kichwani aliiacha kabatini. Alilala bila shuka hata kukiwa na baridi. Siku moja mkewe alimrushia taulo kwa utani, likamwangukia usoni, na binti akapiga ukelele uliowatoa majirani nje.

Mwalimu Breki alimfuata chumbani, akaketi kwenye kiti.

"Si bega," alisema.

"Si bega, Baba." Binti alikuwa ameishikilia mikono yake, mmoja ukiuzuia mwingine. "Dukani nadondosha skrubu. Nikifumba macho naliona tu lile tanga, jeupe kote, halina mwisho. Wewe unaogopa toka nikujue. Hofu unaiachaje?"

"Sijui," alisema. "Sijawahi kuiacha. Ninachojua ni kwenda nayo tu."

"Inasaidia?"

"Hapana." Akafikiri kidogo. "Lakini unafika."

Akamwomba kitu kimoja: Jumatano aje akae gatini na mama yake, hakuna zaidi ya hapo. Asubuhi ya siku hiyo alijuta kusema. Hakuwa amegusa mashua tangu ajali, na Msusi, alipomwona anavaa jaketi, hakusema neno lolote, jambo ambalo halijatokea kabla wala baada.

Alipangwa na fundi bomba. Upepo haukuwa mkali, ulikuwa wa kutosha. Walizungukana, wakaachana, na kama ilivyo ada fundi bomba akamwendea, maana kila mtu alijua ukimwendea Breki anapisha, na ajali ile haikutufanya tuamini vingine. Upepo ulikuwa mkono wake wa kulia. Mashua ile ikakua. Kijasho chembamba kilimtiririka kutoka kwapani hadi kiunoni. Mkono ulianza kuvuta, akauona unaanza, akaukamata kwa mkono wa pili, akaubana kwenye paja lake na kuulalia kwa kifua.

Fundi bomba alipita nyuma yao. Alipita karibu kiasi kwamba Msusi aliweza kumwona jino la pembeni. Hawakugusana.

Kisha walishindwa. Fundi bomba aliwatangulia kwenye boya la juu na hawakumwona tena ila kwa mgongo. Mwalimu Breki alishuka gatini, na bintiye alikuwa amesimama, ameishika nguzo.

"Ulikuwa unajisikiaje?"

"Vibaya sana. Nilitaka kulia."

"Lakini ulishika."

"Nilifumba macho."

"Baba! Hairuhusiwi kufumba macho!"

"Nimezisoma zote," alisema. "Hakuna inayokataza."

Mama mtu aligeuka akatazama majini ili wasione anavyocheka. Binti hakucheka. Alikuwa anazitazama mashua, na alikuwa amekunja uso.

Alirudi, ingawa si haraka. Kwanza alikaa na Mkunga kwenye boti ya msimamizi, anashika bendera. Kisha akaketi mbele kwenye mashua ya fundi bomba, siku zenye upepo wa kupeperusha jani tu. Majira yalibadilika, na tulipoanza kusahau, tukamwona tena nyuma kwenye usukani. Haendeshi kama zamani. Anaacha nafasi zaidi kidogo, na akikaribia mashua ya mtu kitu hubadilika kwenye mabega yake. Bado anatushinda karibu sote.

Jumatano moja ya upepo mkali nilikwenda nyuma ya banda kutafuta ndoo. Nilimkuta Mwalimu Breki ameinama, ameegemea ukuta kwa mkono mmoja, anatapika. Mara binti yake akatokea pembe ya pili, mbio, mkono mdomoni, na yeye akainama pale pale, hatua chache kutoka kwa baba yake. Hakuna aliyekuwa amemwambia mwenzake. Walipoinua vichwa wakatazamana, wote wawili midomo imelowa.

"Nimepangwa na nani leo?" binti aliuliza.

"Na mimi."

"Ah." Akajifuta kwa kiganja. "Nina peremende. Unataka?"

Akamgawia. Wakakaa kidogo wanaimumunya, kisha honi ikalia kutoka majini na wakaenda kila mmoja kwenye mashua yake.